Samaki wa Kufunga Dago

Kila asubuhi, kabla hajapuliza moto, Yosefina alikwenda kwanza kwenye ukingo wa mlima kutazama chini. Bonde lote la Kilombero lilikuwa limefunikwa ukungu mzito kama uji uliopoa. Jua likipanda, ukungu ulipasuka, na mto ukaonekana huko mbali umejikunja, ukajikunja tena, kama kamba iliyotupwa na mtu mwenye hasira. Ng'ambo ya mto ule, juu kidogo ya kivuko, ndipo ilipokuwa nyumba ya Aurelia, binti yake wa pekee. Kwa umbali ule nyumba haikuweza kuonekana. Yosefina aliitazama hivyo hivyo.

Aurelia alikuwa na mimba ya kwanza, na mwezi ule ndio uliokuwa wake.

Mimba peke yake haimkoseshi mama usingizi. Wanawake huzaa kila siku, na mama mkwe wa kumpokea mtoto yupo. Lakini katika ukoo wa kina Yosefina mtoto wa kwanza hutanguliza makalio. Yosefina mwenyewe alizaliwa hivyo, na Aurelia alizaliwa hivyo. Dada yake mkubwa alizalia ugenini, kwa watu wasiojua. Walipoona makalio badala ya kichwa wakaingiwa na hofu, wakamshika mtoto, wakavuta. Mama na mwana walizikwa kaburi moja. Mama yao, alipotoka kwenye msiba ule, alimkalisha Yosefina chini akamfundisha neno kwa neno: mzazi apige magoti, asilale chali, mtoto asiguswe mpaka mabega yatoke, kitambaa cha moto, subira, na mdomo uliofungwa. Mafunzo yale Yosefina alikuwa hajampa mtu. Alikuwa ameyaweka akiba ya siku ya Aurelia, na siku ya Aurelia ilikuwa inakuja ilhali yeye yuko juu ya mlima anampikia Mdachi.

Alifikaje huko? Kaka, ndugu, hao ndio wanaompeleka mtu mahali. Severini, mdogo wake, alikuwa mnyapara wa wapagazi. Mpishi wao alitoroka pale kivukoni, na Severini akaja mbio nyumbani kwa dada yake, jasho linamchuruzika.

"Shikamoo dada. Niokoe. Siku chache tu, kabla mwezi haujajaa tumerudi. Bwana anakwenda kupumzika."

"Marahaba. Kupumzika wapi?"

"Mlimani, kwenye lile ziwa la juu."

"Kwani kwake hakuna kitanda?"

"Kipo, tena cha chuma."

"Sasa huko juu anakwenda kupumzika nini?"

Severini alijikuna kisogo. "Dada, mimi nabeba tu. Nikikosa mpishi, viboko ni vyangu."

Basi Yosefina akajifunga kaniki yake, akapanda. Na alichokiona huko kilimshinda kukieleza.

Yule Bwana alikuwa mpima ardhi, mrefu, mwembamba, mwenye ndevu za rangi ya mahindi mabichi. Hakuwa mtu wa matusi. Alikuwa amepewa likizo, na likizo yake ilibebwa na vichwa vya wanaume kutoka bondeni mpaka mawinguni: hema la turubai, kiti cha kukunja, meza ya kukunja, beseni la kuogea ambalo nalo lilikunjwa kama shuka, taa ya kioo iliyofungwa ndani ya blanketi, na chupa zilizolazwa katika majani makavu kama mayai. Kulikuwa na sanduku jembamba ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulibeba ila yeye. Ndani yake mlikuwa na ndoana ndogo ndogo, kila moja imefungwa manyoya ya ndege na uzi mwekundu.

"Hirizi hizo," alinong'ona Wendelin, mvuvi wa Kindamba aliyechukuliwa ili ampigie Bwana kasia. "Samaki gani anakula manyoya?"

"Labda samaki wa huku juu wana baridi," alisema Yosefina. "Wanatafuta nguo."

Asubuhi Bwana alivaa viatu vyenye misumari, akashika fimbo, akapanda mpaka kwenye kilele kisicho na mti wala shamba wala mtu. Adhuhuri alirudi mwekundu, anatabasamu, mikono mitupu.

"Alikwenda kuchukua nini?" aliuliza Yosefina.

"Upepo," alisema Wendelin.

Alasiri alikaa kwenye mtumbwi mkuukuu uliokutwa pale ziwani, akarusha mshipi wake mbele na nyuma kama mtu anayefukuza nzi. Akinasa perege mdogo alimtoa kwenye ndoana taratibu, akamtazama, akamrudisha majini. Mara ya kwanza Wendelin alidhani amemponyoka, akataka kujitosa kumfuata. Mara ya tatu alielewa kwamba Bwana anamrudisha kwa hiari yake. Jioni ile Wendelin hakula. Alikaa karibu na moto akitikisa kichwa. Kwao samaki akirudishwa majini ni kwa sababu ana ugonjwa, au aliyemvua ana wazimu.

Mwezi ukafika nusu, ukapita nusu. Yosefina alikwenda mwenyewe mbele ya hema, akapiga goti.

"Bwana, tunashuka lini?"

Bwana aliacha kusafisha kiko chake, akamtazama kwa upole. Kiswahili chake kilikuwa cha vipande vipande. "Kesho, mama. Kesho. Mimi taka samaki mkubwa. Iko hapa, mimi ona. Samaki mkubwa bado."

Kesho yake alisema kesho. Na kesho yake. Ndipo wapagazi wakampa jina, wakawa wanamwita Bwana Kesho hata karibu na masikio yake. Yeye alidhani ni salamu, akaitikia.

Wengine walicheka. Yosefina alikuwa anapungua mwili. Alisonga ugali mpaka mwiko ukalia. Aliosha vyungu vilivyokwisha kuoshwa. Alifagia mbele ya kibanda cha majani, akafagia nyuma, akaingia msituni kutafuta kuni huku kuni zipo, maana mikono ikitulia moyo ndio huanza kukimbia. Chini bondeni ngoma zilikuwa zikilia, na hazikuwa ngoma za harusi wala za mavuno. Zililia kidogo zikanyamaza, nyingine mbali zaidi ikaitika.

Kisha akapita mrina asali. Alikuwa na shina la mtama amelifunga kwenye paji la uso, na kibuyu kidogo kimening'inia shingoni. Hakutaka kukaa. Alimwita Severini pembeni, na Yosefina, aliyekuwa akichota maji, akasikia.

"Walio juu washuke," alisema mrina asali. "Dawa imefika. Watu wanayanywa maji yake mpaka Malinyi. Wanasema risasi itageuka maji. Mimi nimekunywa, sijui, nitaona. Lakini mto utafungwa. Askari wa upande wa Ifakara wakishtuka watavuta mitumbwi yote kwao, na aliye ng'ambo abaki ng'ambo."

"Lini?" alidakia Yosefina.

Mtu yule aligeuka akamwangalia. "Mama, vita havina lini."

Usiku ule Severini alimwendea Ombasha Sururu, askari aliyekuja kumlinda Bwana, akamweleza kwa kuzungukazunguka kwamba watu wanataka kushuka. Ombasha alikuwa mtu wa mbali, mnene, anayependa sana nyama. Alijibu kwamba atakayeshuka bila amri ataipata hamsa ishirini yake, viboko ishirini na tano, palepale juu ya jiwe. Basi hakushuka mtu.

Sasa lipo jambo moja ambalo wavuvi wa bondeni wote wanalijua, na Yosefina alilijua kama jina lake. Wavuvi wakienda kupiga dago, yaani kambi yao ya kuvulia huko mabwawani, hawahesabu siku. Wanavua, wanabanika, wanavua, mpaka apatikane samaki mmoja mkubwa kuliko wote. Huyo ndiye samaki wa kufunga dago. Kichwa anapewa mkubwa wa dago, mwili unagawanywa, moto unazimwa kwa maji, na watu wanarudi kwao bila kugeuka nyuma. Kubaki baada ya samaki huyo ni uroho, na uroho huita mamba. Hakuna mtoto wa Kindamba asiyejua hivyo.

"Kwani Bwana anasemaje kila siku?" Yosefina alimwambia Wendelin asubuhi, macho yanamng'aa kwa kukosa usingizi. "Samaki mkubwa bado. Samaki mkubwa bado! Mwenzetu anangoja samaki wa kufunga dago. Tumpe."

Wendelin aliduwaa, kisha meno yake yote yakaonekana. "Mama Aurelia! Ulikuwa wapi siku zote?"

"Nilikuwa nasonga ugali wenu. Nikatie matete."

Alisuka mgono siku ile ile, nyuma ya kibanda, vidole vinakwenda vyenyewe. Mgono ni kama kapu refu la matete. Mdomo wake umeingia ndani kama faneli, samaki akipita harudi, na mkia wake umefungwa kwa kamba. Aliusuka mnene kama wa mamake. Lakini alipofika kwenye kuufunga mkia, vidole vilisita.

Maana kuna mwiko. Mwanamke aliye na binti mjamzito hafungi kitu akakiacha: si fundo la mzigo, si mdomo wa chungu, sembuse mgono. Akitega mgono, awe wa kwanza kuutegua, kwa mkono wake mwenyewe, na aufungue mkia uwe wazi kabla hajaondoka mahali pale. Akiuacha umefungwa majini, na tumbo la binti nalo litafungwa. Yosefina alikuwa amebatizwa na mapadre wa Kwiro, jina la Yosefina walimpa wao, na padre aliwaambia mambo ya mafundo ni ujinga. Pengine ni ujinga. Lakini padre hajawahi kuzaa.

"Nitautegua mwenyewe," alijiambia, akakaza kamba.

Wakauzamisha kwenye mlango wa kijito, na chambo cha matumbo ya paa. Walipouinua kesho yake asubuhi, mlikuwa na kambale mrefu kama mkono mzima wa mtu mzima, mweusi, masharubu kama ya ombasha. Yosefina alimtoa kwa kupitisha mkono mdomoni mwa mgono, Wendelin akampitisha kamba kwenye shavu, wakamficha majini chini ya matawi, hai, anapiga mkia. Yosefina alitaka kuutoa mgono pale pale, lakini alisikia sauti ya Bwana anakohoa akija, akausukuma tena chini ya maji, umefungwa, akachukua mtungi wake akaondoka kama mchota maji yeyote.

Alasiri, jua lilipokuwa kali, Bwana Kesho alisinzia ndani ya mtumbwi, kofia imefunika pua, mshipi unaelea. Wendelin aliupeleka mtumbwi polepole mpaka kwenye yale matawi. Yosefina alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, nyuma ya matete, miruba inamshika miguuni na yeye haikumbuki. Aliivuta ile ndoana ndogo yenye manyoya, akaipachika kwenye mdomo wa kambale, akakata kamba.

Oh! Fimbo ya mshipi wa Bwana ilijikunja kama upinde. Kofia iliruka. Bwana aliamka kwa ukelele ambao hakuna aliyejua kwamba anao, akasimama ndani ya mtumbwi, akakaa, akasimama tena, na Wendelin anapiga kasia anasema, "Mvute, Bwana! Mwache! Mvute!" Wapagazi walikimbilia ufukoni. Alipomtoa nchi kavu alipiga magoti mbele ya kambale yule, akamgusa masharubu, na machozi yalikuwa yanamlenga, kweli kabisa. Alimkumbatia Wendelin. Alimpa Severini tumbaku. Hata Ombasha alicheka.

Yosefina alitoka upande mwingine, maji yanamchuruzika, akaanza kufunga vyungu vyake. Alikuwa amekwisha kulimwagia maji jiko lake la mawe matatu, linafuka mvuke, Bwana alipokuja, uso unawaka kwa furaha.

"Mama! Kwa nini zima moto? Leo pika! Wewe ona? Mimi sema iko samaki mkubwa! Hapa iko mia, iko baba yake, babu yake!" Akanyoosha mikono kuonyesha babu yake kambale. "Mimi kaa hapa mwezi mmoja tena!"

Yosefina alikaa chini pale pale juu ya majivu yaliyolowa. Wendelin aliangalia pembeni. Hakuna aliyewahi kuona mtu anayempata samaki wa kufunga dago, kisha akaamua dago ndio kwanza linaanza.

Palipopambazuka Severini alimjia dada yake. Safari hii hakuzungukazunguka.

"Dada, ondoka. Bwana amepanda kileleni na Ombasha amekwenda naye, wanatafuta ziwa lingine. Hawarudi mpaka jua liwe kichwani. Nitasema sijakuona. Teremka sasa hivi, ukilala njiani mara moja, kesho mapema uko kivukoni."

"Na viboko?"

"Mgongo ni wangu. Nilikuleta mimi. Nenda!"

Alikwisha kubeba kifurushi chake. Alikwisha kupita kibanda cha mwisho. Kisha akasimama.

"Nini tena?" alisema Severini, anakanyaga chini kama mtoto.

"Mgono."

"Mgono gani?"

"Nimefunga mgono uko majini, jana nikausahau. Siwezi kwenda kwa Aurelia nimeuacha umefungwa."

"Dada! Huo mgono nitautoa mimi!"

"Umeufunga wewe? Kwa mkono wako huo?"

Severini alishika kichwa. Naye aliujua ule mwiko kama dada yake. Aliishia kusema, "Basi fanya upesi, kwa jina la Mungu."

Upesi haikuwezekana. Kijito kilikuwa kimevimba kidogo usiku, maji yameusukuma mgono kutoka mahali pake. Yosefina aliingia, akapapasa kwa miguu, hakuukuta. Akaenda mbele, maji yakamfika shingoni. Wendelin alikuja na mtumbwi, akachokoa kwa upondo. Jua likatoka, likapanda, likaanza kuuma. Walikuja kuuona umenasa chini ya gogo lililozama, na matete ya ziwa yameukumbatia kama watu wanaoshikana mieleka. Yosefina alizama, akatoka kutafuta pumzi, akazama tena. Alipoung'oa mwishowe na kuutupa ufukoni, mikono yake ilikuwa imechanika. Alipiga magoti juu yake, akafungua kamba kwa meno kwa kuwa vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na mkia wa mgono ukafunguka. Wakateleza nje kambale watatu wakubwa, wakaanza kujipigapiga kwenye mchanga.

Alipoinua uso, aliona viatu vyenye misumari.

Bwana alitazama wale samaki. Akautazama mgono. Akamtazama Wendelin juu ya mtumbwi, kisha yale matawi, kisha mkono wa Yosefina. Alikuwa mpima, kazi yake ni kutazama hapa na hapa na kuchora mstari. Uso wake ulianza kubadilika kutoka shingoni, ukapanda wekundu mpaka kwenye nywele. Wapagazi wote walikuwa wamesimama. Mmoja, pepo gani alimtuma, akacheka puani.

Bwana hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisema kwa sauti ndogo, "Wewe mama. Kwa nini?"

"Ili twende nyumbani, Bwana," alisema Yosefina. "Mwanangu anazaa."

Sijui kama alielewa, au kama alielewa na kicheko kile kikamzidi nguvu. Aliuponda mgono kwa kiatu, mara mbili, tatu. "Toka," alisema. "Fukuza yeye. Hakuna posho. Hakuna rudi." Wendelin alifungwa kamba mikononi pale pale. Ombasha alimchapa Yosefina kiboko kimoja mgongoni kama mtu anayetimiza wajibu, akanyanyua mkono kwa cha pili, na cha pili kikapiga hewa, kwa sababu mama yule alikuwa amekwisha kuwa njiani.

Alishuka akikimbia mahali pa kukimbia na akiteleza kwa makalio mahali pa kuteleza. Moyoni alikuwa na mawili yanayogombana: mgono umefunguliwa, vema, jua limepita utosi, vibaya. Alimfikiria Wendelin na kamba zake, akageuka mara moja, akaendelea. Usiku ulimkuta chini ya mlima, akalala ameegemea mti kipande cha usiku, akaamka kabla ya ndege. Vijiji alivyovipita vilikuwa na wazee na mbwa tu. Mahali pamoja walimpita wanaume wengi wanakwenda mchakamchaka, mashina ya mtama usoni, hawasemi, hawasalimu. Mmoja alikuwa kijana aliyemjua tangu ananyonya. Alimpita kama mti.

Alipofika mtoni jua lilikuwa limeanza kulegea. Ukingo wa upande huu ulikuwa mtupu. Palikuwa na alama za mitumbwi tu kwenye tope, michirizi mirefu iliyoingia majini, bado mibichi. Watu wachache walikuwa wamekaa na mizigo yao. Bibi mmoja alimwambia bila kuulizwa:

"Imevutwa leo asubuhi. Yote. Angalia."

Ng'ambo, mitumbwi ilikuwa imepangwa imefungwa pamoja kama ng'ombe, na askari wawili wenye bunduki wamekaa juu ya mmoja wao. Asubuhi. Na jana asubuhi, badala ya kushuka, yeye alikuwa ndani ya ziwa anapapasa kwa miguu.

Yosefina hakukaa. Alikwenda huku, akaja huku, akaingia maji mpaka magotini, bibi yule akamvuta kaniki. "Mamba, mwanangu!" Ndipo akamwona Dionisi. Dionisi alikuwa mwendesha mtumbwi wa kivuko, mtu wa umri, mpole, lakini Mungu alimpa koo la kiboko. Wakati wa masika aliweza kuzungumza na mtu wa ng'ambo kama wamekaa mkeka mmoja. Alikuwa amechuchumaa huko, hana kazi, karibu na kasia lake.

"Dionisiii! Mimi mama yake Aureliaaa!"

Alimwona anaruka. Sauti yake ikaja juu ya maji, kubwa, tulivu: "Mama! Umechelewa wapi? Ameshikwa na uchungu tangu jana usiku!"

"Vuka unichukue!"

Askari mmoja alisimama, akasema neno. Dionisi alinyoosha mikono miwili kuonyesha kwamba haiwezekani. "Wamesema atakayevuka anapigwa!"

"Nani yuko naye?"

"Mama mkwe wake, Serafina! Anasema mtoto haji vizuri! Anasema... anasema..." Sauti kubwa ile ilipotea.

"Anasema nini?"

"Mama, hayo ni maneno ya wanawake!"

"Yaseme hivyo hivyo!"

Dionisi aliangalia kushoto na kulia, akafumba macho, akapiga: "Anasema yametangulia makalio!"

Kingo zote mbili zikasikia. Hata askari aligeuka.

Yosefina alihisi dunia yote imekuwa nyembamba kama mshipi. Alishika magoti yake, akavuta pumzi. "Nisikilize! Mwambie Serafina asivute! Mtu asimguse mtoto! Umesikia? Asivute!"

Dionisi aligeukia mtelemko wenye nyumba, akalipeleka neno kama lilivyo: "Asivuteee! Mama yake anasema asivuteee!" Mwanamke alichomoza mlangoni, akarudi ndani mbio. Akatoka tena, akamwambia Dionisi kitu.

"Amelala chali! Amechoka!"

"Ainuke! Apige magoti! Ashike nguzo, wamshike kwapani, makalio yake yawe hewani!"

"Mama, nitasemaje hayo?"

"Dionisi mwana wa mtu! Wewe hukuzaliwa?"

Akayasema. Jasho linamtoka, macho kafumba, mzee yule aliyapiga kelele maneno yote ambayo mwanamume huyasikia mara moja tu, siku anayozaliwa, tena hayasikilizi. Magoti. Kitambaa cha moto. Asisukume mpaka mwili wenyewe usukume. Miguu imetoka? Iacheni. Mwili umetoka mpaka kitovuni? Uacheni uning'inie, mfunikeni joto, msimguse. Neno likitoka kwa Yosefina, linavuka maji, linapanda mtelemko, linaingia mlangoni; na jibu linarudi njia ile ile, limechelewa, na kila lilipochelewa Yosefina alitembea, hatua huku, hatua huku, mpaka mchanga ukawa njia. Watu wa mizigo waliokuwa nyuma yake walikuwa wamesimama wote. 

"Mabega!" alipiga Dionisi. "Anasema mabega yametoka!"

"Sasa! Sasa kidole mdomoni mwa mtoto, ainamishe kidevu, na mwili aunyanyue polepole kuelekea tumbo la mama! Polepole!"

Likapelekwa. Mto ukapita na takataka zake. Ndege mweupe alitua juu ya mtumbwi mmoja akaondoka. Dionisi alikuwa amempa mgongo, anaangalia nyumba, na Yosefina aliutazama mgongo ule kama mtu anavyotazama mlango.

Vigelegele vilikuja vyembamba sana, karibu upepo uvimeze. Bibi wa mizigo ndiye aliyevisikia wa kwanza, akavijibu upande huu kwa sauti iliyopasuka.

"Wa kike!" alinguruma Dionisi, anarukaruka mzee yule. "Wa kike! Mtoto kalia!"

"Na Aurelia? Dionisi! Na mwanangu?"

Dionisi alikimbia kupanda mtelemko. Alikawia. Yosefina alikuwa amejiuma mkono bila kujua. Alipoteremka tena alikuja akitembea, na Yosefina hakujua mwendo ule una maana gani mpaka alipofungua kinywa.

"Anauliza umekula?"

Yosefina alicheka, akalia, vyote kwa pamoja, akapangusa pua kwa kaniki. "Mwambie nimekula! Mwambie anywe uji wa moto! Kondo la nyuma limetoka lote? Serafina alitazame vizuri, aligeuze!"

"Anasema litatoka sasa!"

"Aniambie likitoka!"

Nyuma yake, upande wa milimani, moshi ulikuwa umeanza kupanda mahali pasipo na mashamba ya kuchoma. Askari wa ng'ambo nao waliuona, wakasimama wote wawili. Watu walianza kubeba mizigo yao.

"Kondo limetoka lote!" alisema Dionisi. "Mama, ondoka hapo! Ondoka ukingoni!"

"Huko juu ya mto kuna mahali pembamba pa kuvukia?"

"Kwenye kisiwa cha matete! Lakini mamba, mama!"

Yosefina alikuwa amekwisha kupandisha kaniki na kuikaza kiunoni. Alianza kutembea kufuata ukingo kwenda juu ya mto, upesi, macho yake kila mara ng'ambo, akitafuta mtumbwi wowote ambao mtu aliusahau.